Karatasi za siku ya mwisho ya kazi: namna ya kusoma makato ya mshahara na hesabu ya mwisho

Mradi unaisha, ofisi inafungwa, ao patron anasema hakuna tena kazi. Kwa watumishi wengi wa Ituri, Kivu, Maniema na Tanganyika, siku hiyo inafika mbio. Mtu anaitwa ku ofisi, anapewa karatasi mbili tatu za Kifaransa, anaonyeshwa mahali pa kutia sahihi, na jioni feza inaingia ku simu. Akifika nyumbani njo anaanza kujiuliza. Mbona feza ni kidogo hivi? Hii IPR ni kitu gani? Ile CNSS waliyokata miaka yote, inarudishwa wapi? Na zaidi ya yote: «Nilisha sinye, sasa bado niko na haki?»

Jibu la swali hilo la mwisho ni ndiyo. Kufuatana na sheria ya Kongo, sahihi ya siku ya mwisho haifungi mlango. Vinavyofunga mlango ni vitu viwili vingine: makaratasi yaliyopotea, na wakati unaopita bila mtu kufanya kitu.

Maelezo haya yanahusu wale wanaotumika na kontra ya kazi katika kampuni, duka, shule ya mtu binafsi, hospitali ya mtu binafsi ao ONG. Hao wanaongozwa na sheria ya kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa na sheria namba 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016. Watumishi wa Serikali wana sheria yao na kasha lao la pensheni, CNSSAP, kwa hiyo hesabu zao si hizi.

Kuanza na fishi ya mshahara

Kila mara muajiri anapolipa, anapashwa kumpa mtumishi karatasi inayoonyesha hesabu ya mshahara: ameongeza nini, amekata nini, na kinachobaki ni ngapi. Hiyo njo «fiche de paie» ao «bulletin de paie». Siku hizi watu wengi wanalipwa kwa simu, na katika miji kama Goma, ambako benki zilifunga mwanzoni mwa mwaka 2025, njia ya simu imekuwa ya kila siku. Lakini mesaji ya simu inaonyesha feza iliyoingia tu. Haionyeshi kilichokatwa, wala haionyeshi kama kilichokatwa kilifika mahali pake. Mesaji si fishi, na mtumishi ana haki ya kuomba fishi hata kama amelipwa kwa simu.

Kwenye fishi, macho yanapashwa kwenda ku mistari mitatu mikubwa. «Salaire brut» ni mshahara mzima mbele ya kukata. «Retenues» ni makato. «Net à payer» ni kile kinachoingia mkononi. Kwa kawaida, makato ya lazima kwa mtumishi ni mawili tu: mchango wa CNSS na kodi ya IPR. Kama kuna mstari wa tatu, uwe na maelezo: kwa mfano avance aliyochukua katikati ya mwezi, ao deni ambalo tribinali imeamuru likatwe. Mstari ulioandikwa tu «divers» ao «autres retenues» hauelezi kitu, na mtumishi anaweza kuuliza kwa maandishi ni wa nini.

CNSS: si feza ya kurudishwa siku ya kuacha kazi

CNSS ni Caisse nationale de sécurité sociale, ile iliyochukua nafasi ya INSS. Wazee bado wanaiita INSS, na fishi zingine za zamani zinaandika hivyo. Mchango mzima ni asilimia 18 ya mshahara. Katika hizo, mtumishi anakatwa asilimia 5 kwa ajili ya pensheni. Muajiri anaongeza asilimia 13 kutoka mfuko wake: 5 ya pensheni, 6,5 ya malipo ya familia, na 1,5 ya hatari za kazi, ni kusema ajali na magonjwa yanayotokana na kazi.

Watu wengi wanafikiri kwamba feza ya CNSS ni kama likelemba: ukitoka, unachukua sehemu yako. Si hivyo. Kongo haina malipo ya mtu aliyekosa kazi, na CNSS hairudishi michango siku kazi inaisha. Michango hiyo inajenga pensheni, ambayo mtu anaomba akifikisha miaka 60, na inasaidia pia mtu akipata ulemavu, ao familia yake kama amefariki. Pensheni inahesabiwa kufuatana na miezi iliyolipwa. Ndiyo sababu mwezi mmoja ambao muajiri alikata lakini hakupeleka ni mwezi unaoweza kukosekana miaka 20 baadaye, wakati ofisi yenyewe haipo tena.

Kwa hiyo swali la siku ya mwisho si «CNSS yangu iko wapi?», bali ni «Namba yangu ya CNSS ni ngapi, na miezi yangu yote imeandikwa?». Mtumishi anaweza kwenda na namba hiyo ku ofisi ya CNSS kuuliza. Kama hana namba kabisa na fishi zake zinaonyesha makato ya kila mwezi, hiyo ni alama kwamba kuna tatizo, na fishi hizo njo ushahidi wake.

IPR: kodi inayokatwa kwa ngazi

IPR ni impôt professionnel sur les rémunérations, kodi ya mshahara. Mtumishi haendi kuilipa yeye mwenyewe. Muajiri anaikata, kisha anapashwa kuitangaza na kuilipa ku DGI katika siku 15 zinazofuata mwisho wa mwezi. Mtumishi mwenye muajiri mmoja hana karatasi ya kodi ya kujaza siku anapoacha kazi. Ushahidi wake wa kodi ni fishi zake za mshahara.

Kodi hii haikatwi kwa kiwango kimoja. Inapanda kama ngazi. Bareme iliyotumika mwaka 2024, ikihesabiwa kwa mwezi, ni hii: franka 162.000 za kwanza zinakatwa asilimia 3. Sehemu inayotoka hapo mpaka 1.800.000 inakatwa asilimia 15. Kutoka hapo mpaka 3.600.000 ni asilimia 30. Inayopita hapo ni asilimia 40, lakini kodi yote pamoja haiwezi kupita asilimia 30 ya mshahara unaotozwa. Sheria za feza za Serikali zinaweza kubadilisha ngazi hizi, kwa hiyo ni vema kuuliza bareme ya mwaka wenyewe kabla ya kulaumu mtu wa hesabu.

Tuchukue mfano wa mama anayetunza depo Bunia, mwenye mshahara wa franka 800.000 kwa mwezi, bila kuhesabu nyumba na transport. Kwanza inakatwa CNSS, asilimia 5: franka 40.000. Inabaki 760.000, na hiyo njo inayotozwa IPR. Franka 162.000 za kwanza, kwa asilimia 3, zinatoa 4.860. Franka 598.000 zinazobaki, kwa asilimia 15, zinatoa 89.700. Jumla ni 94.560.

Lakini hesabu haijaisha. Sheria inapunguza kodi kwa asilimia 2 kwa kila mtu anayetegemewa katika familia, mpaka watu 9. Mama huyu ana watu watano anaowalisha, na makaratasi yao yako ku ofisi. Punguzo ni asilimia 10 ya kodi, ni kusema franka 9.456. IPR yake inakuwa 85.104. Kinachoingia mkononi ni 800.000, kutoa 40.000, kutoa 85.104: franka 674.896.

Hapa kuna kitu ambacho watumishi wengi wanapoteza bila kujua. Mtoto akizaliwa na ofisi haikupewa karatasi yake ya kuzaliwa, punguzo lake haliandikwi. Kwa mama wa mfano, kila mtu anayesahauliwa ni karibu franka 1.890 kila mwezi.

Wale wanaolipwa kwa dola watazame mstari mmoja zaidi: taux iliyotumika. Kodi inahesabiwa kwa franka, na taux ikiandikwa vibaya, hesabu yote inageuka.

Makato ambayo si ya mtumishi

Kuna majina mengine mawili ambayo yanaonekana kwenye makaratasi ya ofisi: INPP, ya mafunzo ya kazi, na ONEM, ya mambo ya ajira. Michango hiyo ni ya muajiri. Hata sehemu ya asilimia 13 ya CNSS ni ya muajiri. Inaweza kuandikwa chini ya fishi kama «charges patronales» ili kuonyesha kwamba imelipwa, na hiyo si mbaya. Ubaya ni pale inapotolewa ku mshahara wa mtumishi. Njia rahisi ya kuchunguza ni kuchukua brut, kutoa CNSS ya asilimia 5, kutoa IPR na avance kama iko, na kuangalia kama kinachobaki ni sawa na net à payer, kama hakuna mstari mwingine uliofafanuliwa.

Mtu anayetumika siku moja moja ana hesabu nyingine. Kwa watumishi wa muda mfupi namna hiyo, IPR ilikuwa asilimia 15 moja kwa moja, bila ngazi. Lakini sheria ya kazi imeweka mpaka: mtu akisha tumika siku 22 katika miezi miwili, na wakamchukua tena kabla ya miezi hiyo miwili kwisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Anayeitwa «journalier» kwa miaka miwili mfululizo anaweza kuwa na haki nyingi kuliko anavyoambiwa.

Hesabu ya mwisho ina nini ndani

Karatasi kubwa ya siku ya mwisho inaitwa «décompte final». Inapashwa kuonyesha kila kitu kando kando, siyo jumla moja tu chini ya karatasi. Kuna mambo matatu ya kutafuta.

La kwanza ni siku zilizotumikwa katika mwezi wa mwisho. Kwa mazoea, mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 26 kupata mshahara wa siku. Kwa mama wa Bunia, 800.000 kugawanya kwa 26 ni karibu franka 30.769. Kama ametumika siku 13, ni 400.000.

La pili ni kongé ambayo hakuichukua. Sheria inampa mtu mzima angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi mzima aliotumika, na siku moja zaidi kila miaka mitano kwa muajiri yule yule. Wakati kazi inaendelea, kongé haiuzwi. Lakini kontra ikiisha, zile siku zinazobaki zinalipwa. Mama huyu hajapumzika miezi tisa: siku tisa, karibu franka 276.920.

La tatu ni preavi. Kwa kontra isiyo na muda, muajiri anayemwachisha mtu anapashwa kumpa angalau siku 14 za kazi, na kuongeza siku 7 za kazi kwa kila mwaka mzima. Mama ametumika miaka minne: 14 na 28, ni siku 42. Akiambiwa atoke leo leo, siku hizo zinalipwa kwa feza: karibu franka 1.292.300. Kama ni yeye mwenyewe anayeacha kazi, anapashwa kutoa nusu ya muda huo, ni kusema siku 21. Asipotoa, ofisi inaweza kumdai.

Ukijumlisha mambo hayo matatu, ni karibu franka 1.969.200 mbele ya makato. Mtu akipewa feza ya siku 13 peke yake na kuambiwa «hesabu imeisha», ni rahisi kuona kinachokosekana. Na kwa kodi, aulize pia: sheria ya IPR ilikuwa na kiwango chake cha asilimia 10 kwa malipo ya mwisho wa kazi, yale yanayoitwa «indemnités de fin de carrière». Ofisi inapashwa kueleza ni mistari gani imekatwa kwa ngazi na ni ipi kwa asilimia 10.

Kontra za ONG mara nyingi ni za muda maalum. Hizo zinaisha tarehe iliyoandikwa, bila preavi. Lakini siku zilizotumikwa na kongé bado zinalipwa. Na muajiri akivunja kontra kabla ya tarehe bila sababu inayokubalika na sheria, anaweza kudaiwa mishahara ya miezi iliyobaki. Mfadhili kusimamisha feza ni shida kubwa kwa ofisi, lakini hilo peke yake halifuti kontra ambayo ofisi ilitia sahihi na mtumishi.

Kwa kosa kubwa, ile «faute lourde», mtu anaweza kuachishwa bila preavi. Hata hapo, muajiri anapashwa kuandika uamuzi wake na sababu yake, na mshahara wa siku zilizotumikwa haupotei.

Makaratasi ya kutoka nayo, na siku mbili

Sheria imeweka muda mfupi. Feza yote inayobaki inapashwa kulipwa katika siku mbili za kazi baada ya mtu kuacha kutumika. Cheti cha mwisho wa kazi kinapashwa kutolewa pia katika siku mbili za kazi, hata kama mtu amefukuzwa kwa kosa. Cheti hicho kinaonyesha aina ya kazi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na namba ya kasha la pensheni. Hakuna kingine kinachoruhusiwa kuongezwa. Muajiri hawezi kuandika pale kwamba mtu alikuwa mkaidi ao mwizi, na hawezi kukishika kama rehani mpaka mtu atie sahihi karatasi nyingine.

Kwa hiyo mtu anatoka na vitu vinne: barua ya kuachishwa kazi yenye sababu, décompte final, cheti cha mwisho wa kazi, na fishi zake za mshahara. Kama barua inaletwa kwa mkono, aandike tarehe halisi aliyoipokea pembeni ya sahihi yake, siyo tarehe ambayo ofisi inataka.

«Pour solde de tout compte»

Maneno haya yanatisha watu. Maana yake ni kwamba hesabu yote imelipwa na hakuna tena deni. Ofisi nyingi zinayaandika chini ya décompte, na mtu akisha tia sahihi anaambiwa kwamba hawezi tena kusema kitu. Sheria ya kazi ya Kongo inasema kinyume: maneno hayo, ao mengine yanayofanana nayo, hayawezi kutumiwa kumnyanganya mtumishi haki inayotoka ku kontra yake. Kupokea hesabu bila kulalamika hakumaanishi kwamba ameacha haki yake.

Basi mtu mwenye njaa, mwenye watoto wa kulipia masomo, anaweza kupokea feza anayopewa leo na bado akadai kinachobaki kesho. Ni vema aandike juu ya sahihi yake «reçu sous réserve», na achukue kopi.

Wapi pa kwenda, na kabla ya lini

Mlango wa kwanza si tribinali. Ni ofisi ya inspecteur du travail. Sheria inataka shida ya mtu mmoja na muajiri wake ipitie kwanza kwa mapatano mbele ya inspekta. Anaita pande mbili, anasikiliza, anatazama makaratasi. Wakipatana, inaandikwa procès-verbal. Wasipopatana, inaandikwa pia, na karatasi hiyo njo inayofungua mlango wa tribinali ya kazi, ao wa tribunal de grande instance mahali ambako tribinali ya kazi haijawekwa.

Wakati unahesabiwa. Kudai mshahara usiolipwa kunaisha baada ya mwaka mmoja, kuanzia siku mshahara ulipopashwa kulipwa. Madai mengine mengi yanayotoka ku kontra ya kazi yanaisha baada ya miaka mitatu. Muajiri anayesema kila mwezi «ngoja kidogo, feza inakuja» anaweza kuwa mkweli, lakini saa ya sheria haingoji. Mapema, barua moja yenye tarehe, iliyopokelewa na kutiwa muhuri ku ofisi, ina nguvu kuliko simu ishirini.

Na katika eneo hili ambako familia inaweza kukimbia usiku na kubeba watoto na sufuria tu, karatasi ya kabatini haina usalama. Mtumishi apige picha ya kontra, ya kila fishi, ya namba ya CNSS na ya barua zote, kila mwezi, si siku ya kuachishwa kazi. Picha hizo azitume kwa ndugu wa mji mwingine ao kwa barua pepe yake mwenyewe. Kwa mama wa Bunia, miaka minne ni miezi 48. Ku CNSS, sehemu yake na ya muajiri ni franka 144.000 kila mwezi, ni kusema franka 6.912.000 zilizopashwa kuingia kwa jina lake. Siku atakapouliza kama ziliingia, atakachoombwa kuonyesha ni zile fishi.